Peni za Waanglo-Saksoni: kuzisoma, kuzipima na kuzinunua bila kupigwa

Ukitaka kujua kwa nini peni ya Æthelred wa Pili, aliyetawala Uingereza kati ya 978 na 1016, bado inanunulika kwa pauni mia chache wakati peni nzima ya Offa, mfalme wa karne ya 8 wa Mercia katikati ya Uingereza, ni maelfu, usitazame Uingereza. Tazama Uswidi. Peni za Æthelred zilizofukuliwa Skandinavia, kisiwa cha Gotland kikiongoza, ni nyingi kuliko zilizofukuliwa Uingereza kwenyewe. Wavikingi, wavamizi waliotoka huko Skandinavia, walikuwa wakilipwa ili waondoke: pauni 10,000 mwaka 991, 16,000 mwaka 994, 24,000 mwaka 1002, 48,000 mwaka 1012. Pauni moja ilikuwa peni 240. Malipo ya mwaka 991 peke yake, kama yote yalitolewa kwa sarafu, ni peni milioni 2.4. Sehemu ya fedha hiyo ilivuka bahari, ikafukiwa, na wenyewe hawakurudi kuifukua.

Ndiyo maana tunamshauri kila anayeanza aingie kwa mlango huo. Achukue aina moja ya enzi ya Æthelred, aijue mpaka imchoshe, ndipo afikirie wafalme wengine. Wengi hupenda mpango wa mfalme mmoja, sarafu moja. Kwenye karatasi unapendeza, lakini baada ya wafalme watano sita unagonga mwamba. Æthelberht wa Anglia Mashariki, yule aliyekatwa kichwa kwa amri ya Offa mwaka 794, ameacha peni chache mno, na ikitokea moja mnadani wewe utabaki mtazamaji. Aina moja kwa miji mbalimbali, kwa upande mwingine, haiishi hamu wala haikufilisi.

Sababu ya mpango huo kuwezekana ni mageuzi ya mfalme Edgar, karibu mwaka 973. Kabla yake peni nyingi hazikutaja mji, na hata sura ya mfalme ilikuwa mara ipo, mara haipo. Edgar akaamuru picha moja nchi nzima: mfalme upande mmoja, na upande wa pili jina la mfua sarafu pamoja na mji wake. Kisha kila baada ya miaka kadhaa sarafu za zamani zilirudishwa, zikayeyushwa, zikatoka mpya za sura nyingine. Chini ya Æthelred aina zinazopatikana kwa urahisi ni Crux (takriban 991 hadi 997), Msalaba Mrefu (997 hadi 1003), Kofia ya Chuma (1003 hadi 1009) na Msalaba Mdogo wa Mwisho (1009 hadi 1017). Miji zaidi ya 60 ilifua sarafu katika enzi yake. Msalaba Mrefu ndio tunaoupenda kwa anayeanza: msalaba wa mistari miwili miwili unaofika hadi ukingoni, mikono yake ikiishia kwa vijipinde vitatu vitatu, na maandishi makubwa kiasi. Mistari hiyo pia ndiyo iliyofuatwa na mkasi. Peni ilikatwa nusu au robo kupata chenji, na vipande hivyo leo vinauzwa kwa bei ya chini kuliko peni nzima. Kwa kujifunzia herufi hakuna kinachovizidi.

Kusoma kunaanzia upande wa msalaba, si upande wa mfalme. Shika sarafu kwa kingo, tafuta kijialama cha msalaba ndani ya mzunguko wa maandishi. Hapo ndipo sentensi inapoanza, nawe unafuata mwendo wa saa. Litakuja jina la mfua sarafu, kisha MO, M'O au ON, kisha mji. Chukua maandishi haya: +GODEMAN M'O PINT. Mtu anayesoma kwa macho ya leo atautafuta mji wa Pint hadi kiama. Ile si P. Ni herufi ya kale ya sauti ya W, kwa hiyo soma WINT, yaani Winchester, na Godeman ni mfua sarafu wake. Mtego huohuo uko katika PELIN, ambao ni Wallingford, PERHA ambao ni Wareham, na PIHRA ambao ni Worcester. LVND haina shida. EOFR ni York, CÆNT ni Canterbury, EAXE ni Exeter, ÐEOD ni Thetford, STAN ni Stamford. A mara nyingi haina kijiti cha katikati, na G hufanana na C, kwa hiyo usikate tamaa jina likikataa kukaa sawa mara ya kwanza.

Shida halisi ni kwamba nyundo haikugonga sawasawa. Peni ya Msalaba Mrefu ni pana, unene wake haufiki milimita moja, na pale upande mmoja palipochomoza sana, upande wa pili hapakupata fedha ya kutosha kujaza muhuri, yaani chuma chenye picha kilichogongewa sarafu. Ukikuta kipara kwenye maandishi ya mji, geuza sarafu. Mara nyingi nyuma yake ndipo lilipo bega au shavu la mfalme. Hicho kipara ndicho kinachowatajirisha wauzaji wenye matumaini makubwa. Herufi mbili hazionekani, basi mji unakuwa Bruton au Axbridge, ambako sarafu ni adimu, na bei inapanda mara kadhaa. Dawa yake ni jina la mfua sarafu. Godwine walikuwa wengi, wapo kila mji, hao hawakusaidii kitu. Lakini jina lisilo la kawaida hujibana mji mmoja au miwili. Hifadhidata ya sarafu zilizookotwa mojamoja, inayotunzwa na makumbusho ya Fitzwilliam huko Cambridge, inatafutika bure kwa mfalme, aina, mji na mfua sarafu. Ikiwa mfua sarafu huyo hajulikani katika mji unaodaiwa kwa aina hiyo ya sarafu, mwenye mzigo wa kuthibitisha ni muuzaji. Mwambie akuonyeshe sarafu nyingine iliyogongwa kwa muhuri uleule ambayo herufi zake zinasomeka.

Vifaa ni vichache. Lenzi ya mara kumi, ile ya sonara. Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, na jiwe lake la kusawazisha, maana mizani hizi za bei nafuu hupotoka baridi ikiingia. Kalipa ya plastiki, si ya chuma, kwa kupimia upana. Taa moja inayosogezeka. Kwa kila sarafu andika uzito, upana, na mwelekeo wa mihuri: shika sarafu juu na chini kwa vidole viwili huku mfalme akiwa wima, izungushe kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, kisha tazama kijialama cha kuanzia maandishi kimeangukia nyuzi ngapi. Katika sarafu za baada ya Edgar mara nyingi utapata 0, 90, 180 au 270, au karibu nazo. Sio sheria, lakini rundo la sarafu za muuzaji mmoja zenye nyuzi 37, 122 na 310 linastahili kutazamwa mara ya pili.

Uzito unahitaji busara. Watu huja na jedwali wakidhani peni ina uzito mmoja, wakaikataa sarafu halali kwa kuwa imepungua. Peni hazikuwa hivyo. Msalaba Mrefu ulianza karibu gramu 1.7, kisha ukashuka hadi kwenye 1.3 kabla aina hiyo haijaondolewa. Crux nayo ilishuka vivyo hivyo. Ukifika kwa Cnut, mfalme wa Denmaki aliyetawala Uingereza baadaye, aina ya Kofia Iliyochongoka inacheza kwenye gramu moja na kidogo. Kwa hiyo gramu 1.35 katika Msalaba Mrefu si kasoro, ila gramu 2.1 ni kengele ya hatari, na gramu 0.9 kwa sarafu isiyomeguka wala kulika inadai maelezo.

Lenzi inaonyesha kitu ambacho picha za mnada huficha: vijeraha. Elekeza mwanga kutoka ubavuni, chini kabisa, karibu usawa wa meza. Kwenye uwanja ulio wazi, hasa kati ya mikono ya msalaba, utaona vikato vidogo vyenye umbo la mwezi mchanga, kila kimoja kikiwa kimeinua kijisega cha fedha upande mmoja. Hiyo ni ncha ya kisu. Mviking hakujali sura ya mfalme. Alitaka kujua kama ndani ni fedha au shaba iliyopakwa, naye alichoma kila alipopokea. Peni iliyopita mikono kumi ina makovu hayo pande zote mbili, na mara nyingi imekunjwa kidogo pia, kwa sababu fedha nzuri hukunjika kwa urahisi.

Soko linaiadhibu sarafu yenye makovu, na bei hupungua. Kwa maoni yetu adhabu hiyo imezidi. Makovu yanakueleza njia iliyopitiwa, yanaashiria kwamba sarafu ilikaa Skandinavia au pwani ya Baltiki na si shambani Lincolnshire, na ni magumu kuyaiga vizuri, kwa kuwa kovu la kweli lina umri uleule na uso unaolizunguka: weusi umeingia hadi chini ya kisega. Kovu lenye chini inayong'aa ni la jana. Kati ya peni yenye makovu manne na ile iliyokunjuliwa ikabaki na ufa, chukua ya makovu bila kufikiri mara mbili.

Ufa ni jambo zito. Fedha iliyokaa ardhini miaka elfu haibaki kama ilivyokuwa. Punje zake za ndani huachana, nayo hugeuka kavu kama biskuti. Sarafu iliyokuwa ikikunjika kama bati mwaka 1000 leo inavunjika kwa kuanguka mezani. Kwa hiyo usikunjue sarafu iliyojikunja, hata kidogo, hata kwa kuipasha moto, maana moto unahitaji mtu wa maabara anayejua anachofanya. Usiidondoshe kusikiliza mlio wake; mlio wa sarafu yenye ufa ni mbaya hata ikiwa halali, nawe utakuwa umeimalizia. Fanyia kazi juu ya trei yenye kitambaa laini, na mkono usipande juu zaidi ya sentimita chache.

Sasa ghushi. Zipo za aina nyingi na kila moja ina dawa yake. Ya zamani kuliko zote ni ya zama zilezile: moyo wa shaba, ngozi ya fedha. Sheria ya mfalme Æthelstan, aliyetawala 924 hadi 939, iliamuru mfua sarafu aliyepatikana na hatia akatwe mkono na mkono huo utundikwe juu ya karakana, na bado zilitengenezwa. Hizi zina thamani yake kwa mkusanyaji. Kisha kuna za kuigiza: Dublin chini ya mfalme wao Mviking, Sihtric, walinakili Crux na Msalaba Mrefu, na Skandinavia nako walinakili, wakati mwingine kwa herufi ambazo hazisomeki kabisa. Anayeanza huona maandishi yaliyovurugika akasema feki. Taratibu. Sarafu ya Dublin yenye SIHTRIC na DYFLIN inaweza kuwa ghali kuliko ya London iliyo safi.

Za kisasa ndizo hasara tupu. Ya kusubiwa kwenye kalibu utaijua kwa kingo: tafuta mstari wa mshono uliosuguliwa kwa tupa, mashimo madogo ya mviringo ya hewa, na herufi ambazo miguu yake inateleza kuingia uwanjani kama sabuni iliyotumika. Herufi ya kweli iligongwa kwa vyuma vidogo vyenye umbo la kijiti na mwezi, kwa hiyo R ni vipande vitatu vilivyokutanishwa, na kingo za kila kipande ni kali. Iliyogongwa kwa mihuri mipya ni hatari zaidi. Hapo silaha ni kulinganisha: kama sarafu mbili zina kovu lilelile, pengo lilelile la ukingo au ufa uleule mahali palepale, basi kasoro hiyo ilinakiliwa kutoka kwa mama yao, na zote mbili ni za leo. Mihuri inaruhusiwa kufanana, ajali haziruhusiwi. Kuna pia nakala za kielektroliti za karne ya 19, maganda mawili yaliyounganishwa, nzuri mno usoni. Kingo ndizo zinazozisaliti. Hii ndiyo sababu hatupendi sarafu nyembamba zilizofungwa ndani ya visanduku vya plastiki vya kampuni za kupima ubora. Kingo huzioni vizuri, na kupima uzito huwezi.

Jaribio la maji lina msaada wenye mipaka. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Peni ya gramu 1.30 yenye fedha asilimia 92 hivi inasukuma gramu 0.125. Ya bati itasukuma karibu 0.18, ya shaba 0.145, na hizo mizani ya 0.01 itazikamata. Lakini fedha ya asilimia 80 inasukuma 0.128, na tofauti hiyo inamezwa na mizani. Unahitaji inayosoma 0.001. Tone la sabuni ya vyombo huondoa viputo vinavyong'ang'ania herufi. Sarafu yenye ufa au vinyweleo usiizamishe hivi, kwa sababu hewa iliyojificha ndani itakudanganya.

Kabla ya peni pana kulikuwa na sceatta, tamka shata: kijisarafu kinene cha milimita 12 hivi, gramu 1 hadi 1.3, kilichotumika takriban 680 hadi 760. Hazina jina la mfalme kwa sehemu kubwa. Zina ndege, nyoka anayejiuma mkia, mizabibu, nyuso zenye masharubu, na wataalamu wamezigawa kwa herufi: A, B, C na kuendelea hadi Z. Mfululizo wa D na ule wa E, unaoitwa nungunungu kwa miiba yake, ulitoka ng'ambo, pwani ya Frisia, Uholanzi ya leo, lakini ulitumika sana Uingereza. Katika hazina ya Aston Rowant, Oxfordshire, iliyopatikana kuanzia 1971, sarafu zilikuwa zaidi ya 300 na D na E zilitawala. Ndizo za bei ya chini, nazo ni mahali pazuri pa kuingilia. Hatari yake ni fedha. Za mwanzo ni zaidi ya asilimia 90. Kufikia miaka ya 730 na 740 nyingi zilikuwa zimechanganywa shaba hadi kubaki robo au chini. Sceatta ya mwishoni yenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na uwekundu si feki kwa sababu hiyo. Iliyong'aa kama kijiko ndiyo ya kuuliza maswali, kwa kuwa mtu ameitia asidi ikala shaba ya juu ikaacha ngozi ya fedha yenye matundu.

Kisa hichohicho kilirudi karne ya 9. Peni za Burgred wa Mercia (852 hadi 874) zinapatikana kwa urahisi, na za mwisho mwisho zina fedha chini ya robo. Hukatika kingo ukizitazama tu vibaya. Alfred, mfalme wa Wessex, akarudisha fedha nzuri karibu mwaka 875. Anayetaka karne hiyo bila kuvunja benki atafute peni za kumbukumbu za Mtakatifu Edmund, zenye A kubwa katikati, zilizofuliwa na Wavikingi wa Denmaki waliokaa Anglia Mashariki. Zipo nyingi kwa sababu hazina ya Cuerdale, iliyofumuliwa kando ya mto Ribble huko Lancashire mwaka 1840, ilikuwa nazo zaidi ya 1,800.

Kwa msomaji anayejua herufi za Kiarabu kuna ziada. Hazina za Wavikingi zina dirhamu, sarafu za fedha za nchi za Kiislamu. Ile ya Vale of York, iliyopatikana 2007 ikiwa na sarafu 617, ilikuwa na za Samarkand. Vipande vya dirhamu vilivyokatwa kwa uzito vimeokotwa zaidi ya 100 Torksey, Lincolnshire, kambi ya jeshi la Wavikingi ya majira ya baridi ya 872 na 873. Na British Museum ipo dinari ya dhahabu ya Offa: nakala ya dinari ya khalifa al-Mansur ya mwaka 157 wa Hijria, shahada ikiwa imenakiliwa na mtu asiyejua anachokiandika, na OFFA REX imepachikwa katikati ikiwa kichwa chini miguu juu ukilinganisha na Kiarabu chake. Vipande vya dirhamu vina bei ndogo, nasi wenye macho ya kusoma mwaka na mji tunaweza kupata sokoni kitu ambacho muuzaji ameandika tu kwamba ni cha Kiislamu.

Utunzaji hauna maneno mengi. Usiing'arishe. Dawa ya meno, magadi na karatasi ya alumini, limau, brashi ya nailoni, vyote vinaondoa ngozi ambayo haitarudi. Udongo uliokauka uloweshe kwenye maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa betri za gari (maji, si tindikali), ubadilishe kila siku, kisha chovya kwenye asetoni halisi kukausha. Ile ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato. Utando wa zambarau au kijivu unaofanana na nta ni kloridi ya fedha, uache. Vifuko laini vya PVC vitoe nyumbani, maana baada ya muda hutoa mafuta ya kijani yanayonata. Tumia vifuko vya poliesta au bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Droo za mahogani zinafaa, za mwaloni hazifai kwa sababu mbao zake hutoa mvuke wa asidi. Sufi, mpira na magazeti vina salfa, vitaigeuza nyeusi. Pwani, kwenye unyevu na chumvi, weka vifuko vya silika na uvikaushe kwa ratiba.

Sasa karatasi, ambazo kwetu zina uzito sawa na fedha yenyewe. Uingereza na Wales, sarafu mbili au zaidi zenye umri wa zaidi ya miaka 300 na angalau asilimia 10 ya fedha au dhahabu, zikitoka mahali pamoja, ni hazina kwa Sheria ya Hazina ya 1996, na sharti ziripotiwe ndani ya siku 14. Moja pekee kwa kawaida si hazina. Kwa hiyo kila muuzaji mwenye rundo lisilo na karatasi atakuambia ziliokotwa mojamoja. Mwaka 2015 watu wawili walifukua hazina karibu na Leominster, Herefordshire, wakainyamazia. Wataalamu waliikadiria sarafu 300 hivi, zilizopatikana ni kama 30, nao walifungwa 2019. Mwaka 2023 wengine wawili walifungwa Durham kwa kujaribu kuuza sarafu 44 za enzi hiyohiyo, za Alfred na Ceolwulf wa Pili wa Mercia, zinazoaminika kutoka rundo lilelile. Zilizobaki ziko mahali fulani. Peni ya Alfred au Ceolwulf yenye picha ya wafalme wawili wamekaa pamoja, ambayo kabla ya 2015 ilikuwa karibu haijulikani, ukiletewa kwa bei nzuri bila historia, aga uende zako. Ikikamatwa hurudishiwi pesa.

Historia nzuri ni kitiketi cha mviringo chenye mwandiko wa mkusanyaji wa zamani, namba ya mnada, picha iliyochapishwa. Kitiketi peke yake kinaweza kuhamishwa kutoka sarafu nyingine, kwa hiyo kilinganishe na uzito ulioandikwa na umbo la kingo kwenye picha ya zamani. Umbo la kingo ni kama alama ya kidole, haliwezekani kurudiwa. Ukiwa na sarafu ya mnada wa mkusanyo wa Lockett, uliouzwa 1955 hadi 1961, na picha inakubaliana, hapo umelala usingizi. Usitupe bahasha, hata iliyochakaa.

Mnadani, hesabu kabla ya kuinua mkono. Nyundo ikigonga pauni 300 na ada ya mnada anayolipa mnunuzi ikiwa asilimia 20, ongeza 60, kisha kodi ya VAT ya asilimia 20 juu ya ada hiyo, yaani 12. Jumla 372, bado posta na bima. Minada mingi inatoza zaidi ya hapo, asilimia 24 si ajabu, na ukipitia jukwaa la mtandaoni kuna nyongeza nyingine ndogo. Tunaandika kikomo kwenye karatasi kikiwa tayari na makato yote, kwa sababu ndani ya joto la mnada akili hukumbuka bei ya nyundo tu.

Ukinunua ukiwa nje ya Uingereza, muulize muuzaji kwa maandishi kuhusu kibali cha kutoa nje kabla ya kulipa. Kitu kilichofukuliwa ardhi ya Uingereza kina masharti yake hata kiwe cha pauni 50, na vibali hutolewa na Arts Council England. Peni yenye historia ya Skandinavia au ya mkusanyo wa zamani hupita kwa maelezo tofauti, na hapo ndipo vile vikato vya kisu na kile kitiketi vinapofanya kazi. Kwenye fomu ya forodha kifungu ni 9705, sarafu za mkusanyo zenye umri wa zaidi ya miaka 100. Ikiandikwa vito au pesa taslimu itakwama ofisini. Mwambie aifunge kati ya kadi mbili ngumu zilizokatwa tundu kubwa kuliko sarafu, ili kadi zisiibane, na aandike thamani halisi. Bima hulipa kilichoandikwa.